Jicho la Golikipa

Gachanja alikuwa fundi wa viatu vya akala pale sokoni Kariokor, mtu wa kukata matairi kutwa, lakini ukifika mtaani kwake Huruma ukauliza Gachanja ni nani, wengi wangekukodolea macho. Uliza Kocha. Hapo hata muuza maji angeacha mkokoteni wake akakuonyesha mlango.

Timu yake iliitwa Vumbi Queens, na jina hilo halikuhitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kukanyaga uwanja waliochezea. Wasichana walikuwa wa kila aina: wengine wasusi, wengine wamemaliza shule wakakosa pa kwenda, wengine bado wanavaa sare. Gachanja hakuwa na mtoto wa kumzaa, na watu walizoea kusema kwamba wale ndio watoto wake. Alipenda sana kusikia hivyo. Alikuwa akijifanya hajasikia ili mtu arudie.

Kati ya wote, aliyempenda zaidi ni Shirleen, kipa. Mama yake, Syombua, aliuza kabeji kando ya barabara, na Gachanja alimwona msichana huyo kwa mara ya kwanza amesimama chini ya lori, wanaume wawili wakimrushia kabeji kutoka juu na yeye akizidaka moja baada ya nyingine, hata moja isianguke. Alikaa pale akitazama mpaka lori likawa tupu. Kisha akamwendea mama mtu na kumwambia, "Nipe huyu mtoto, nitakurudishia golikipa wa taifa." Syombua alicheka, lakini alimpa. Tangu siku ile alimwita Gachanja Mwalimu, wala hakuwahi kumwita vinginevyo.

Mwaka huo Vumbi Queens walifika fainali ya kombe la mitaa. Haikuwahi kutokea. Gachanja akapoteza usingizi na hamu ya chakula, akawa mkali kama pilipili ya mwisho wa chungu. Alikuwa amesikia kwamba mtu kutoka klabu kubwa ya mjini angekuja kutazama mechi, na tayari, mbele ya mafundi wenzake Kariokor, alikuwa ameshalibeba kombe mara nyingi kwa mdomo.

Jumatatu ya wiki ile ya fainali walikuwa wakifanya zoezi la kipa. Gachanja mwenyewe ndiye aliyepiga mipira, kwa karibu, mmoja nyuma ya mwingine, ili Shirleen awe mwepesi. Wakati fulani msichana aliinama kukaza kamba ya glavu. Nabiswa, kapteni wa timu, alipaza sauti, "Kocha, ngoja!" Gachanja hakungoja. Aliupiga mpira kwa nguvu zake zote za mguu, kwa sababu alikuwa amekasirika kwamba kuna mtu anafunga kamba wakati fainali iko mlangoni. Shirleen aliinua uso akakutana nao.

Mpira ulimpata jicho la kushoto. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyepigwa kofi. Alianguka kwa magoti, mikono miwili usoni, wenzake wakamkimbilia.

"Maji baridi," Gachanja alisema. "Mpeni maji baridi ainuke. Kombe haliji kwa watu wa machozi."

Na Shirleen aliinuka. Akadaka mipira mingine kumi hivi, jicho likiwa limefumba nusu.

Jioni, wenzake walipokuwa wakikusanya koni, alimfuata Kocha pembeni. "Kocha, naona kama kuna kitu kinamulika. Hata nikifunga macho. Na kuna vitu vyeusi vinaruka ruka, ni kama nzi."

"Ni kishindo tu hicho. Kitaisha."

Alhamisi akaja tena. Safari hii hakumtazama usoni, alikuwa akichora mchangani kwa ncha ya kiatu. "Kocha, hii side ya kushoto imekuja na kivuli. Ni kama mtu amefunga pazia nusu."

Gachanja alimwangalia. Kipa wa akiba alikuwa Eve, msichana mzuri wa kuimba kwaya, ambaye mpira ukija alikuwa anafunga macho na kuomba Mungu. "Shirleen," alisema, "unaogopa fainali?"

"Siogopi."

"Basi nenda ulale."

Shirleen hakulitaja jicho tena.

Jumapili uwanja ulijaa. Watu walipanda juu ya kuta na paa za vibanda. Wapinzani walitoka mtaa wa Lucky Summer, timu ya kawaida tu, ambayo Vumbi Queens waliwahi kuichapa bila kutoa jasho. Khadro, mshambuliaji wa Vumbi Queens, ndiye aliyefunga bao la kwanza, na Gachanja aliruka hadi kofia ikamdondoka. Halafu Lucky Summer wakapata bao, mpira wa chini, wa polepole, uliopita kushoto kwa Shirleen kama paka anayeingia nyumbani kwao. Kisha la pili, upande ule ule. La tatu lilipoingia Shirleen hakunyoosha hata mkono. Aligeuka tu akautazama mpira ukiwa wavuni, kama mtu aliyeitwa jina kwa nyuma.

Pembeni alisimama Kimani, kijana asiyekosa mechi na asiyekosa kuiwekea dau kwenye simu. Siku hiyo alikuwa amepoteza. "Kipa amenunuliwa!" alipiga kelele. "Huyo amenunuliwa, nawaambia!" Watu wakacheka, na neno likashika njia likazunguka uwanja mzima.

Gachanja angeweza kulipuuza. Kuna sehemu ndani yake iliyojua vizuri kabisa kwa nini mipira yote mitatu ilipita kushoto. Lakini sehemu hiyo ilikuwa ikimuuma, na lile neno la Kimani lilikuja kama dawa. Kipenga kilipolia alivuka uwanja kwa hatua ndefu hadi golini.

"Wamekupa nini?" aliuliza, na hakuuliza kwa sauti ndogo.

Shirleen alibaki ameduwaa. "Nani?"

"Waliokununua! Mipira mitatu, upande mmoja, na hujanyoosha hata mkono! Hata kipofu angedaka mmoja!"

"Kocha, sijauza mechi. Haki ya Mungu."

"Toa glavu zangu."

Alizivua yeye mwenyewe, glavu ambazo Gachanja alimshonea upya viganja kwa ngozi laini. Alimpa, akaenda. Watu walimpisha njia huku wakimzomea, na alipita katikati yao mkono mmoja mbele, akipapasa kidogo. Gachanja aliona ule mkono. Baadaye angejaribu sana kujiaminisha kwamba hakuuona.

Jioni ile alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu ya timu. Alisema kwamba walikuwa wamelea nyoka ndani ya shati. Akamtoa Shirleen kwenye grupu. Kufikia Jumatatu asubuhi ile sauti yake ilikuwa imefika kwa watu asiowajua, na pale Kariokor fundi mmoja aliicheza mbele yake akitikisa kichwa: "Wasichana wa siku hizi!" Gachanja naye akatikisa chake.

Jumatano simu ililia. Ilikuwa namba ya Syombua. Alitazama ikilia hadi ikakatika, kwa sababu alidhani mama amekuja na ugomvi wake. Ikalia tena. Akapokea.

"Mwalimu," Syombua alisema, na sauti haikuwa ya ugomvi hata kidogo. "Mwalimu, samahani nakusumbua kazini. Mwanangu jicho limeingia giza. Jana alikuwa anaona kidogo, leo haoni hata mkono wangu. Zahanati wanasema apelekwe hospitali ya macho leo leo. Mimi unajua mguu wangu, ngazi zitanishinda. Na tangu ile mechi hasemi na mtu, sijui ana nini. Nikasema nikupigie wewe. Wewe ni kama baba yake."

Gachanja alikuwa ameshika kisu cha kukatia tairi. Alikiweka chini taratibu. Alielewa kwamba Shirleen hakuwa amemwambia mama yake lolote. Matusi aliyotukanwa mbele ya mtaa mzima alikuwa ameyaficha, na mama, aliyeshinda na kabeji zake barabarani, alikuwa hajafikiwa na uvumi, au alifikiwa nao akaukataa.

"Nakuja," alisema.

"Mungu akubariki, Mwalimu. Mungu akuzidishie."

Njia nzima Shirleen hakusema neno. Alivaa miwani ya jua ya mama yake iliyompwaya, na kila Gachanja alipojaribu kumshika mkono kwenye barabara, aliuondoa bila fujo, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo.

Hospitali ilikuwa imejaa wazee wenye mtoto wa jicho na watoto wenye macho mekundu. Daktari aliyewapokea aliitwa Nthoki, mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache. Alimwekea Shirleen matone, akamwinamia na taa, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaketi.

"Kuna damu ndani," alisema. "Imejaa hadi siwezi kuona nyuma. Ni kama kuchungulia chumba ambacho dirisha lake limepakwa matope. Jambo linalonisumbua ni kile kilicho nyuma ya hayo matope. Kwa hivyo tutapiga skani."

Aliwaingiza kwenye chumba kidogo chenye mashine na skrini.

"Hii si ile ya wamama wajawazito?" Shirleen aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Ni ndugu yake mdogo. Mwanga haupiti kwenye damu, lakini sauti inapita. Mashine inatuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, yanagonga vilivyomo ndani ya jicho yanarudi, na hapa tunapata picha. Haiumi. Lala, funga macho."

Alimpaka jeli juu ya kope iliyofungwa, akaweka juu yake kifaa kama kalamu nene, kwa wepesi, bila kukandamiza. Gachanja alisimama karibu na mlango. Angeweza kutoka nje. Hakuna aliyemwambia abaki.

Kwenye skrini lilitokea duara jeusi. Ndani yake vidoa vyeupe vilielea vingi vingi.

"Angalia juu," Daktari Nthoki alisema. "Usifungue, zungusha tu jicho. Sasa chini. Kushoto. Kulia."

Kila jicho liliposogea, vile vidoa vilitibuka vikazunguka, kama machicha ya chai ukikoroga kikombe. Lakini nyuma yake palikuwa na kitu kingine: mstari mweupe mnene, uliokunjamana, ulioinuka kutoka ukuta wa nyuma ukaning'inia ndani ya jicho. Nao ulitikisika, polepole, kama shuka iliyolowa kwenye kamba.

Daktari alirudia. Juu, chini. Kisha akasimamisha picha, akaguna kidogo kooni.

"Hivi vidoa ni damu," alisema, akimweleza Shirleen ingawa Shirleen alikuwa amefumba macho. "Damu hiyo tunaweza kuisafisha. Lakini huu mstari umeshikilia pale mshipa wa jicho unapoanzia. Damu haishiki hivyo. Hii ndiyo retina, ule utando unaopokea picha. Inatakiwa ilale ukutani. Imebanduka."

Gachanja alilijua neno hilo kuliko maneno yote. Maisha yake yote watu walimletea viatu vilivyobanduka. Alijua kwamba soli ikianza kuachia kwa ncha, mshono mmoja unatosha. Alijua pia kwamba mwenye kiatu akiendelea kutembea nacho, atakuja siku moja amekishika mkononi. Alitazama ule mstari ukining'inia pale, akatamani sana mtu yeyote aingie aulize kitu chochote.

"Uligongwa na nini?" daktari aliuliza.

"Mpira," Shirleen alisema. "Mazoezini."

"Lini?"

"Jumatatu ya ile wiki ingine."

"Na baada ya hapo uliona nini? Vimulimuli? Vitu vinaruka? Kivuli?"

"Vyote."

"Na ukaendelea kucheza?"

Shirleen alikuwa bado amelala chali, jeli ikimetameta kwenye kope. Gachanja alingoja jina lake litajwe. Alilingoja kama mtu anavyongoja kofi akiwa ameshaliona likiinuka.

"Niliendelea tu," Shirleen alisema.

Angemtaja, ingekuwa nafuu. Angelia, angemlaani, Gachanja angepata pa kusimama, labda hata pa kujitetea. Lakini msichana aliyeitwa nyoka alikuwa amelala pale akimfunika, na hakufanya hivyo kwa mapenzi. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye ameacha kutegemea kwamba kusema kunasaidia.

"Ni mimi," Gachanja alisema. "Ni mimi niliyepiga mpira. Alikuwa ameinama. Na aliniambia vyote hivyo, mara mbili. Nikamwambia kitaisha."

Daktari Nthoki aligeuza kiti akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ni baba yake?"

"Hapana. Mimi ni kocha."

Alisubiri karipio. Daktari alichukua karatasi laini akaanza kumpangusa Shirleen kope, kwa uangalifu, bila haraka. "Mpira hugonga watu," alisema. "Hilo hutokea. Angekuja siku ile ya vimulimuli, pengine tungekuta imechanika kidogo tu. Tungeizungushia leza, jioni angekuwa nyumbani. Sasa ni upasuaji, kesho asubuhi, na siwezi kumwahidi ataona kiasi gani." Akatupa karatasi kwenye pipa. "Msaidie ainuke."

Shirleen aliinuka mwenyewe.

Asubuhi ya upasuaji Syombua alifika, mguu wake na yote, ameshikiliwa na mama mmoja wa kanisa. Alikuwa amebeba chupa ya chai na viazi vitamu vilivyofungwa kwa kitambaa. Shirleen alikuwa ameshaingizwa ndani. Mama aliketi kwenye benchi kando ya Gachanja, akahema, na kabla hajanywa tone akamimina kikombe cha kwanza akampa yeye.

"Kunywa, Mwalimu. Najua hujala. Watu wengine wangesema huyu si mtoto wangu, wakaenda zao."

Gachanja alishika kikombe.

"Mama Shirleen," alisema. "Usinishukuru."

Alimwambia. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele: fainali kwanza, kisha mpira, kisha Alhamisi, kisha ile sauti kwenye simu. Wakati fulani alijikuta akisema "unajua kulikuwa na presha," akalisikia neno lenyewe lilivyo dogo, akalimeza. Mama wa kanisa aliacha kutafuna. Syombua alisikiliza akitazama mlango wa chumba cha upasuaji. Gachanja alipomaliza, mama aligeuka akamtazama.

"Ulimwita mwizi," alisema.

"Ndiyo."

"Mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikakupigia simu. Nikakuombea baraka." Alitikisa kichwa, na alichokuwa nacho usoni hakikuwa hasira. Ilikuwa aibu. Aliaibika kwa ajili ya baraka zake, kwamba alizimwaga pasipostahili, na Gachanja alipoona kwamba amefanikiwa kumtia aibu hata huyu, ambaye hakuwa na kosa lolote, alishindwa kuinua macho. "Kaa mbali na mimi, Mwalimu. Sina nguvu za kukugombeza. Nataka kumwombea mtoto wangu, na nikikuona siwezi kuomba."

Gachanja aliweka kikombe chini ya benchi, chai ikiwa haijanywewa, akaenda kusimama kwenye ngazi. Alisimama pale hadi mchana, mpaka aliposikia mama wa kanisa akisema kwamba wamemaliza na mtoto yuko salama.

Jioni hiyo hiyo aliwakusanya wasichana uwanjani akawaambia. Hawakumpigia kelele. Eve alilia. Khadro aliketi chini akaanza kufungua kamba za viatu, kana kwamba mazoezi yamekwisha. Nabiswa ndiye aliyesimama.

"Kocha, hayo unatuambia sisi kwa nini?"

"Ili mjue ukweli."

"Sisi tulijua. Tulikuwa tunakaa naye. Tulinyamaza juu ya kukuogopa, na hiyo ni aibu yetu, tutaibeba. Lakini wewe ulisema kwa kelele, mbele ya mtaa. Usije ukafuta kwa kunong'ona."

Basi Jumapili, kabla ya mechi ya wanaume, uwanja ukiwa umejaa, Gachanja aliomba kipaza sauti cha mtangazaji. Aliyasema yote, tangu kamba ya glavu hadi kivuli. Alisema Shirleen hakuuza mechi, kwamba ni yeye aliyempeleka golini na jicho moja, kisha akamtukana kwa kutoona. Alitegemea, kwa siri, kwamba baada ya kusema angejisikia mwepesi.

Hakujisikia mwepesi. Watu wengine walikuwa wakiongea mambo yao. Wengine walicheka. "Sasa wewe ndiye umenunuliwa!" Kimani alipaza sauti, na wengi waliangua kicheko kilekile cha siku ile. Mwanamke mmoja mzee alitema mate mchangani akaondoka na mjukuu wake. Kisha mpira ukaanza, na ile sauti yake ya nyoka ikaendelea kutembea kwenye simu za watu, kwa sababu uongo wenye ladha husambazwa, na radhi hakuna anayeituma kwa mwenzake. Wasichana walimwambia wangejifundisha wenyewe kwa sasa. Hakubishana.

Shirleen alikuwa amerudi nyumbani, lakini kwa masharti magumu. Madaktari walikuwa wametoa damu, wakairudisha retina mahali pake, na kujaza jicho hewa maalum ya kuikandamiza ishike. Hewa hupanda juu, kwa hivyo ili iisukume retina kwa nyuma ilimbidi akae ameinamisha uso chini, usiku na mchana, kwa siku kadhaa. Alilala kifudifudi, alikula ameinama, alizungumza na sakafu. Khadro na Nabiswa walipomtembelea waligundua njia: walilala chali chini, vichwa chini ya uso wake, wakapiga gumzo hivyo, wakitazamana.

Khadro ndiye aliyemweleza Gachanja haya, alipopita Kariokor, na akasema pia kwamba paji la uso limeanza kumchubuka. Siku hiyo Gachanja hakukata akala hata moja. Alichukua tyubu, akaikata kwa umbo la kwato, katikati wazi, akaijaza sponji, akaivika ngozi laini ya mbuzi na kuishona kwa uzi mwembamba, mishono ikiwa ndani isimkwaruze. Alimpa Khadro mto huo bila kusema umetoka kwa nani.

Siku ya tatu Khadro alirudi. "Anakuita."

Syombua alimfungulia mlango. Hakumkaribisha, lakini alisogea pembeni. Chumba kilikuwa kimoja, pazia katikati. Shirleen alikuwa amelala kitandani kifudifudi, uso umetokeza nje ya ukingo ukiwa juu ya ule mto uliowekwa kwenye stuli mbili. Gachanja aliona kisogo tu na nywele zilizosukwa.

"Shirleen. Ni mimi."

"Najua. Lala chini kama wengine."

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mzito, mwenye goti bovu. Alishuka kwa shida, akishikilia kitanda, akalala chali kwenye sakafu ya simenti, akajisukuma kwa visigino hadi kichwa chake kikawa kati ya zile stuli. Sasa aliuona uso. Ulikuwa umevimba, jicho moja limefunikwa kwa kikombe cha plastiki, na lile lingine lilikuwa juu yake, karibu mno, likimtazama moja kwa moja. Hapakuwa na pa kugeukia. Kila upande palikuwa na mguu wa stuli.

"Mto ni mzuri," Shirleen alisema. "Lakini mto hausemi kitu."

"Kweli."

"Nilisikia kile ulisema uwanjani. Nabiswa alinirekodia. Watu walicheka."

"Walicheka."

"Hata mimi walinicheka. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Nilikuambia. Mbona hukunisikia?"

Gachanja alifungua mdomo. Majibu yalikuwepo, mengi: kelele za mazoezi, uchovu, ujinga wa fundi wa akala ambaye hakusomea macho. Yote yangekubalika. Lile jicho halikupepesa.

"Nilikusikia," alisema. "Mara zote mbili nilikusikia. Nilitaka kombe."

Upande wa pili wa pazia, sufuria iliyokuwa ikisuguliwa ilinyamaza.

Kisha kitu cha moto kikamdondokea Gachanja shavuni, na kingine karibu na mdomo. Machozi ya Shirleen hayakuwa na njia nyingine ila chini. Gachanja hakuyafuta, wala hakuthubutu kufunga macho.

"Afadhali umesema," Shirleen alinong'ona. "Nilikuwa nafikiria labda sikusema vizuri."

Hilo ndilo lililomvunja. Wiki zote hizo, juu ya kila kitu, mtoto wa watu alikuwa akijilaumu kwamba pengine hakuchagua maneno. Gachanja alilia pale chini, bila sauti, maji yakimwingia masikioni, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Hewa ile ilipoyeyuka, Daktari Nthoki aliitazama retina ikiwa imelala mahali pake. Shirleen aliweza kuhesabu vidole kwa jicho lile, na baadaye kutambua watu kwa sura wakiwa karibu, lakini kusoma kulikataa, na daktari akamkataza kabisa kusimama golini. Shirleen alianza kumfundisha Eve kudaka akiwa amefungua macho. Gachanja alipopita uwanjani jioni moja akitoka kazini, Shirleen alimwona, akainua mkono kumsalimia, akarudi kwenye kazi yake. Naye aliinua wake, akasimama kidogo nje ya mstari, kisha akaendelea na safari.